Kamba ya Majani

Itumbe, Kisii
4 Aprili 1971

Kwa Mama Nyamoita,

Nakusalimu wewe, baba yako, mama yako na wote wa boma lenu hapo Kendu. Natumaini barua hii itawakuta na afya, na kwamba mjukuu wangu Nyamoita anakula na kulala. Sisi tupo. Mvua imeshuka, chai inachipua. Goti langu la kushoto linauma nikipanda kilima, lakini hilo si la kupotezea wino.

Nakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa Kigusii chako ni cha miaka saba na Kijaluo changu ni cha sokoni. Tena nakuandikia mwenyewe, situmi mtu, kwa sababu mimi na wewe hatujawahi kusemezana ana kwa ana, wala haikufaa. Wewe ni mke wa mwanangu. Kati yetu kuna ensoni, ile haya ya wakwe: mimi siingii nyumbani mwako, wewe hunikosoi wala hunitazami machoni. Karatasi haina ensoni. Basi nitasema.

Uliondoka Ijumaa tarehe 5 Machi kabla jua halijatoka, ukimshika Nyamoita mkono. Hukuaga. Leo ni siku ya thelathini.

Nikueleze hesabu yangu uone kama nakuonea. Januari nilikuwa na mbuzi watano. Majike wanne katika zizi lako, watatu wakikamwa, vikombe sita kwa siku. Beberu mmoja kwa dada yangu Bathsheba, ng'ambo ya kijito. Tarehe 10 Februari maziwa yalishuka hadi vikombe viwili. Tarehe 12 hakuna hata tone. Tarehe 13 akafa wa kwanza, tarehe 15 wawili, tarehe 19 wa mwisho. Na mtoto, Mogire mdogo mwenye jina la babake, alikuwa na miezi mitatu. Maziwa yako hayakushuka tangu tulipomzika mume wako, na ya ng'ombe wa jirani yalimwendesha tumbo. Alikuwa akiishi kwa mbuzi wale. Tarehe 27 naye akaenda.

Mbuzi wanne hawafi ndani ya siku saba bure. Kazi ya majani ilikuwa yako. Wewe ndiye uliyekata, ukabeba, ukaning'iniza. Siku zile ulizokuwa hospitali na mtoto nililisha mimi, tena nilikata mengi hata uliporudi ukakuta akiba. Kwa hiyo kosa lilitokea kabla au baada. Mimi nasema ni umande. Ulikata omosabisabi, ule mti mwembamba wa kando ya kijito, asubuhi mno, majani yakiwa maji matupu, mbuzi wakavimba. Ndiyo maana nilisema yale niliyosema baada ya maziko.

Mimi sikurithi kitu. Miaka kumi na tisa nilisimama penye mizani ya chai kule Kericho nikipima majani ya watu wengine. Ndipo nikarudi, nikauza ng'ombe, nikapanda miche elfu tatu na mia mbili kwa mikono hii. Malisho yakaisha, mbuzi wakafungwa wakaanza kuletewa miti midomoni. Nilikuwa na mwana mmoja, na kwake amebaki Nyamoita peke yake. Ng'ombe saba walitoka hapa wakaja kwenu, na kwa desturi yetu mtoto ni wa boma hili. Shule inafunguliwa tarehe 10 Mei. Mlete, nawe urudi nyumbani kwako.

Mimi baba mkwe wako,
Onsongo


Kendu Bay
2 Mei 1971

Kwa Baba,

Nakuamkia kwa heshima. Pole kwa goti. Ukipata majivu ya moto yafunge kwenye kitambaa, ulikande kabla ya kulala. Sisi hatujambo. Nyamoita alikuwa na homa, imepita. Huku joto ni kali na anauliza kwa nini maji ya kunywa si baridi kama ya kwenu.

Barua yako nimeisoma mara tatu. Baba yangu aliniomba nimsomee naye asikie, nikaruka mistari mingi.

Umeandika tarehe ya kila mbuzi. Mtoto wangu umemwandika mwisho, kama mbuzi wa tano.

Sikukata majani yenye umande. Mama mkwe, ambaye Nyamoita amechukua jina lake, ndiye aliyenifundisha, na mwaka wa kwanza hakuniruhusu kushika panga. Nilikuwa nayaanika juu ya lile jiwe la nyuma ya choo mpaka saa nne. Muulize Bathsheba. Na hapa kwetu baba ana mbuzi arobaini, kwa hiyo si kweli kwamba sijui mbuzi. Tofauti ni kwamba wa huku huenda kujitafutia miba wenyewe.

Hayo uliyosema baada ya maziko umeyapita haraka kwenye barua. Mimi sikuyapita. Ulisimama uani ukasema, "Huyu wa ziwani anajua samaki tu. Ameua mbuzi, na mbuzi ndio waliokuwa mama wa mtoto." Watu kumi na saba walikuwa wameketi. Nami hesabu naijua nikitaka. Hakuna aliyekohoa. Kaburi lilikuwa na siku mbili.

Kalenda yako ya chai imejaa ratili za kila siku. Ungekuwa unaandika pia ni majani ya mti gani yaliyokuwa kwenye kamba siku gani, usingeniuliza mimi. Mengine siwezi kuyasema. Wewe unasema karatasi haina ensoni. Kwangu inayo.

Nyamoita hatakuja tarehe 10.

Mkweo,
Benta


Itumbe
20 Juni 1971

Kwa Mama Nyamoita,

Salamu nyingi. Natumaini homa ya Nyamoita haijarudi, na kwamba mmepata mavuno ya kutosha. Majivu nimeyajaribu. Yanasaidia, ila asubuhi tu.

Sikuja na wazee kumchukua mtoto ingawa ningeweza. Nimesema tu, ujue.

Nilinunua jike mmoja huko Masimba, mwekundu, mwenye kengele. Bathsheba akarudisha beberu. Nilitafuta mtu wa kuwakatia majani, wawili wakaja wakaacha, mmoja alidumu siku nne. Sasa nakata mwenyewe, mzee wa miaka sitini na moja. Wanaume wenzangu wakipita njiani wananiuliza kama nimeolewa.

Nina ile mizani yangu ndogo. Nimepima. Mbuzi mmoja mzima anataka ratili nane za majani mabichi kwa siku, na ukimpa aina moja tu siku mbili mfululizo anageuza uso kama mgeni wa heshima. Wewe ulikuwa na wanne. Ratili thelathini na mbili kila siku, na Ijumaa mara mbili ili Sabato ipite bila panga. Kutoka kijitoni hadi zizini ni hatua mia sita na kumi za kupanda. Nimefanya hesabu ya mwaka. Inazidi ratili elfu kumi na moja, na sehemu ya mwaka huo ulikuwa na mimba.

Hayo sikuyajua. Nayaandika kwa kuwa ni hesabu, na hesabu ikitoka huandikwa.

Nina maswali mawili ya kazi. La kwanza, huyu mwekundu hataki omosabisabi. Analia njaa huku fungu liko mbele yake. La pili, ile kamba uliyofunga kati ya nguzo mbili, ya kuning'inizia majani. Nimeipima kutoka chini, inchi arobaini na nne. Kwa nini hapo? Mbuzi angeridhika na thelathini.

Juu ya mambo mengine bado nina uchungu. Usidhani umeisha.

Baba mkwe wako,
Onsongo


Kendu Bay
15 Agosti 1971

Kwa Baba,

Nakuamkia. Nimefurahi kusikia goti lina nafuu japo ya asubuhi. Hapa mtama umekauka kabla ya kukomaa, lakini tunakula. Nyamoita ameota meno mawili ya mbele na hataki kufunga mdomo.

Mwekundu wako ametoka mahali pasipo na mti huo, haujui. Usimlazimishe. Mpe kwanza majani ya viazi vitamu, kisha uchanganye kidogo kidogo, kiganja kimoja leo, viwili kesho. Siku ya saba atakuwa anakufuata njiani. Yanyaushe kwa nusu siku ndipo umpe. Omotembe, ule mti wa miiba wenye maua mekundu, mpe machipukizi, si majani makuukuu. Majani ya mgomba hujaza tumbo tu, hayaleti maziwa. Ukitaka maziwa, tafuta ule mforosadi ulio nyuma ya nyumba ya Bathsheba. Naye atakulalamikia, lakini atakupa.

Usiweke chini kabisa. Mbuzi akikanyaga jani, hata liwe zuri vipi, halili tena. Ana kinyaa kuliko mtu.

Na kamba ni kichwa cha Nyamoita. Nilimsimamisha pale nikafunga usawa wa utosi wake, Januari, ili aweze kuning'iniza mwenyewe nikiwa na mtoto mgongoni. Alikuwa akitundika, anarudi nyuma, anawasalimia mbuzi mmoja mmoja kama watu wa kanisani. Sasa anaanza kusahau Kigusii. Juzi alitaka kusema mbuzi akasema kwa Kijaluo. Nilimsahihisha, kisha nikajiuliza namsahihishia nani.

Baba, nitakuja. Nimelifikiria siku nyingi. Mume wangu amelala huko na mtoto wangu amelala huko, na mimi huku naota nyasi za makaburi zinawapita. Lakini siwezi kupita kwenye njia ile watu wakininyooshea kidole. Uliyasema mbele ya watu. Yarudishe mbele ya watu. Si lazima useme nilifanya vizuri. Sema tu kwamba hukujua. Ukinitumia neno kwamba umefanya hivyo, wiki hiyohiyo nafunga mzigo.

Mkweo,
Benta


Itumbe
9 Januari 1972

Kwa Mama Nyamoita,

Heri ya mwaka mpya kwenu nyote. Tumevuka salama isipokuwa goti. Mwekundu anakula omosabisabi kama ulivyosema, siku ya saba kweli. Ana mimba.

Umengoja jibu miezi mitano. Sikuchelewa kwa dharau. Kila Jumapili nilikaa na kalamu.

Siwezi. Mimi ni mtu wa mizani. Kericho mzungu aliniambia niongeze ratili mbili kwenye gunia ambalo halikuwa nazo, nikakataa, nikakaa nje ya kazi wiki sita. Nikisimama mbele ya watu kusema sikujua, wataniuliza, basi mbuzi walikufa kwa nini? Nami sina jibu lingine. Mbuzi wanne walikufa. Mtu hawezi kufuta hesabu bila kuweka nyingine mahali pake.

Rudi tu. Ya zamani tuyaache yalipo. Nyumba yako nimeiezeka upya kwa nje. Ndani sikuingia.

Baba mkwe wako,
Onsongo


Kendu Bay
30 Januari 1972

Kwa Baba,

Nakuamkia. Hatujambo. Asante kwa paa.

Mimi nami siwezi.

Benta


Itumbe
11 Machi 1973

Kwa Mama Nyamoita,

Nakusalimu, nikijua sistahili kukusalimu. Sijui kama mko wazima. Mwaka mzima na zaidi sikuandika. Nilikuwa nimekasirika nikiona ni haki yangu.

Nisome mpaka mwisho.

Unajua ule mparachichi ulio juu ya chai, alioupanda Mogire akiwa mvulana wa shule Nyanchwa, alipoleta kokwa mfukoni. Kila baada ya miaka miwili naupunguza matawi kwa kuwa kivuli chake kinadumaza mistari tisa ya chai. Mwezi uliopita, tarehe 20, niliupunguza. Kiangazi kilikuwa kikali, kijito kimebaki matope, majani ni mengi, mabichi, yanang'aa. Mwekundu alikuwa ananyonyesha watoto wawili na bado ananipa vikombe viwili. Nikamtundikia. Alinusa akarudi nyuma. Nikasema ni maringo ya siku ya kwanza. Jioni njaa ikamshinda, akala.

Tarehe 21 kiwele kimekuwa kigumu kama jiwe. Nikakamua, yakatoka maji yenye mabonge. Nusu kikombe. Tarehe 23 hakuna. Shingo ikavimba, kifua kikavimba, anakohoa, amesimama miguu imepanuka. Tarehe 24 akafa, siku ya Sabato, nikiwa kanisani.

Sikulia kwa ajili ya mbuzi. Nilikaa zizini, na zile tarehe zilikuwa zinanitazama. Siku moja maziwa kushuka. Siku tatu kukauka. Siku nne kufa. Nilizijua zote. Nilishaziandika.

Nikaingia ndani nikatoa kalenda ya mwaka 1971 kutoka nyuma ya mlango, maana situpi kalenda. Jumanne tarehe 9 Februari, mwandiko wangu mwenyewe: "Chai ratili 41. Parachichi kukata, mafungu 14." Ulikuwa hospitali tangu Jumatatu. Mafungu kumi na manne niliyatundika na kuyarundika mimi. Tarehe 10 maziwa yakashuka. Na beberu, aliyekuwa kwa Bathsheba, ambaye hakuonja jani hata moja, akapona. Miaka miwili nilikuwa nakuhesabia umande, na jibu limening'inia nyuma ya mlango wangu.

Nilikwenda Kisii kwa bwana mifugo. Kijana mdogo, hata ndevu hana. Nikamweleza bila kutaja watu. Akasema ndiyo, majani ya mparachichi hukausha maziwa ya mbuzi, na wakila mengi moyo unashindwa. Akaniuliza kama nilipoteza wengi. Nikamwambia watano. Nikatoka nje, nikasimama barabarani nikakumbuka kwamba hesabu hiyo haikuwa kamili.

Halafu nikakumbuka na lingine, hili ndilo linaloninyima usingizi. Alhamisi uliporudi na mtoto, Bathsheba alinijia huku nikichuma chai. Akasema, "Mke wa mwanao anauliza kama majani ya parachichi yanafaa. Anasema mweusi ameyakimbia." Sikuinua kichwa. Nikamjibu, "Mwambie nimewalisha miti tisa, huu ni wa kumi. Jani ni jani." Uliuliza, kwa njia inayokubalika, kwa heshima yote. Nami nikakujibu kwa hesabu.

Jumapili iliyopita niliwaita wale watu. Wawili wamekufa, kumi na watano walikuja. Nilisimama palepale uani. Nikasema, "Mke wa Mogire hakuua mbuzi, wala hakumnyima mtoto. Ni mimi. Panga lilikuwa langu na neno lilikuwa langu."  Kisha mzee Ombui akauliza kama wewe umeambiwa. Nikasema naandika.

Mti nimeukata chini kabisa, ingawa ulikuwa wa Mogire. Bathsheba alinizuia, akasema watu wangekula matunda. Nikamwambia mimi siwezi kuyala.

Njoo nyumbani, mwanangu. Nitakungoja pale barabarani gari linaposimama, kila Jumatatu. Mzigo nitabeba mimi. Wakicheka, wacheke.

Mimi baba yako,
Onsongo


Muhuru Bay
29 Aprili 1973

Kwa Baba,

Nakuamkia kwa heshima, na goti lako nalikumbuka. Barua yako ilipitia Kendu, baba yangu akampa mtu wa motaboti, ndiyo maana utaona mahali pameandikwa pengine. Sisi ni wazima.

Kwanza nikushukuru. Niliisoma nimesimama, nikakaa chini, nikaimaliza. Kama ungekuwa mbele yangu nisingekutazama machoni, lakini ningepiga goti.

Sasa nami niseme, kwa kuwa umesema. Ulipoandika kwamba mafungu uliyatundika wewe, hukumaliza. Bathsheba aliniletea jibu lako saa kumi jioni. Mweusi alikuwa ameyakimbia, na maziwa ya siku hiyo yalikuwa mepesi yenye vipande. Niliona, Baba. Moyo wangu ulikataa. Lakini mkwe amesema jani ni jani, na mimi ni mgeni wa kutoka ziwani, mume amekufa, nitasema nini? Nikachukua yaliyobaki. Alhamisi, Ijumaa mara mbili kwa ajili ya Sabato, na Jumapili. Niliyatundika kwa mkono wangu. Nyamoita alinisaidia. Aliwasalimia mmoja mmoja.

Uliponisema uani, sikunyamaza kwa ensoni peke yake. Nilinyamaza kwa sababu nusu yake ilikuwa kweli.

Kwa hiyo usilibebe lote. Tugawane.

Lingine ni hili. Nilingoja jibu la Agosti. Nikapata lile la Januari. Nikangoja tena mwaka mzima ingawa nilikuwa nimesema siwezi. Kila Ijumaa nilikwenda posta. Baba yangu amezeeka, ndugu zangu wameoa, na mwanamke aliyerudi nyumbani anahesabiwa vijiko anavyokula. Mwezi wa kwanza mwaka huu alikuja mtu wa Muhuru, anaitwa Ogada, fundi wa kushona, mkewe alikufa akamwachia watoto watatu. Ni mpole. Nilikubali. Tumehamia huku tangu tarehe 3 Februari. Wewe uliupunguza mti tarehe 20.

Sisemi hivyo kukuumiza. Nasema kwa sababu najua ungehesabu mwenyewe.

Nyamoita yuko nami. Anakwenda shule, ni wa pili katika watoto thelathini na wanane, na hesabu ndiyo anayopenda. Ninajua habari ya ng'ombe saba. Ogada anaogopa siku wazee wa Kisii watakapotokea barabarani. Nimemwambia sijui watakuja au la. Ukiamua kumchukua, nakuomba uje wewe mwenyewe, usitume watu.

Yafagie yale makaburi mawili kwa niaba yangu. La mdogo liko karibu na migomba, lisimezwe.

Mimi niliyekuwa mkweo,
Benta


Itumbe
13 Mei 1973

Kwa Mama Nyamoita,

Salamu kwako, kwa Ogada na kwa watoto wote wanne. Mmefanya vizuri kuwa wazima.

Sitakuja, wala sitatuma mtu. Ng'ombe saba nimewasamehe mbele ya Ombui na Bathsheba, na nimewaambia wasilizungumze tena nikifa. Mwambie Ogada alale.

Makaburi nimefagia. Siku kumi na saba, kutoka tarehe 3 hadi 20. Umesema kweli, nilihesabu.

Onsongo


Itumbe
18 Desemba 1977

Kwa mjukuu wangu Nyamoita, kwa mkono wa mama yako,

Natumaini hamjambo nyote hapo Muhuru, na kwamba ziwa limewapa chakula. Mimi nipo, miaka sitini na saba. Shangazi wa babako, Bathsheba, alitutoka mwezi wa saba. Magoti sasa yanauma yote mawili, kwa hiyo yamelingana.

Nilikuandikia mwaka 1974 na 1976. Labda barua zilipotea, labda zilifika zikamkuta mama yako na kazi. Silaumu. Hii ni ya tatu, na mwalimu wa hapa ameniambia mtoto wa miaka kumi na miwili anaweza kusoma Kiswahili hiki bila shida.

Labda hunikumbuki, lakini nilikusikia ukiwasalimia mbuzi. Nataka uwe na haya niliyoyajua nikichelewa, yakusaidie ukiwa na zizi lako. Omosabisabi huleta maziwa kuliko mti wowote, ukishaunyausha. Mforosadi ni wa pili. Omotembe, machipukizi. Usiwape aina moja siku zote. Parachichi hapana, hata jani moja, hata kiangazi. Na mbuzi akirudi nyuma mbele ya jani, wewe nawe rudi nyuma. Yeyote aliyekuambia umpe, hata awe mzee wa boma, muulize tena, kwa sauti. Haya yote alinifundisha mama yako, isipokuwa la mwisho. Hilo nililijua kupitia kwa ndugu yako mdogo.

Nina mbuzi sita. Nimepanda omosabisabi mia moja na arobaini kando ya chai, mahali ulipokuwa ule mti mwingine. Nakata mwenyewe asubuhi, kidogo kidogo, na kupumzika mara tatu kwenye zile hatua mia sita na kumi.

Ile kamba ya majani bado ipo. Mama yako aliifunga usawa wa utosi wako, inchi arobaini na nne, mwezi wa Januari mwaka 1971. Nilimuuliza muuguzi wa kliniki mtoto wa kike wa umri wako huongezeka kiasi gani, akasema inchi mbili na kitu. Nikachukua mbili na robo. Kila mwisho wa mwaka nimekuwa nikiifungua na kuipandisha kwa kiasi hicho. Mwaka huu fundo langu lilikataa kukaza kwa sababu ya vidole, nikarudia mara nne. Sasa iko inchi hamsini na tisa na nusu, kwa kuwa nililegeza mahali. Ilipaswa kuwa na robo tatu.

Mbuzi hawafurahi. Wadogo hawafikii kabisa, hao nawashikia majani mkononi. Wakubwa wanasimama kwa miguu ya nyuma ili wale.

Kama nimekosea kipimo, niandikie inchi zako, nitaishusha.

Babu yako,
Onsongo